Siku tatu na gari la kulala Falkirk, nikiwa na mzee fundi wa meli: tuanzie wapi?

nyamizi_mk

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Naomba ushauri wa mnaoishi Uskochi au mliowahi kupita huko. Baba yangu amekuja kututembelea kutoka Mwanza. Amestaafu, miaka yake yote ya kazi alikuwa fundi mitambo kwenye meli za Ziwa Victoria. Tangu afike hapa Milton Keynes hana habari na maduka. Kila asubuhi akishamaliza chai anakwenda kutembea kando ya mfereji wa Grand Union, na akirudi anarudi na maswali: boti inapandaje kilima, maji ya juu yanatoka wapi, yale malango yanamilikiwa na nani. Juzi tulimpeleka hapo Wolverton kuona lile daraja la chuma la mwaka 1811 linalobeba mfereji juu ya mto. Alishuka hadi chini, akasimama anakagua maungio, akaniambia, "Mwanangu, hawa watu walikuwa wanajua kazi."

Basi nimeamua nimpe safari ya aina yake. Tumekodi gari la kulala (motorhome, lenye vitanda ndani) mwezi wa nane, likizo ya watoto. Tutakuwa watano: mimi, mume wangu, baba, na watoto wa miaka 9 na 12. Nimesikia Falkirk kuna gurudumu linaloinua boti, na kwamba ni karibu na Edinburgh na Glasgow. Tuna usiku tatu tu.

Ninayotaka kujua: tunaweza kulala na gari karibu na hilo gurudumu bila kufukuzwa usiku? Nikiingia na gari Edinburgh au Glasgow nitapata shida? Na tuanze na nini, tumalizie na nini? Baba ana miaka 76. Tambarare anatembea vizuri, tena mbali, ila goti moja linamsumbua kwenye ngazi.

Asanteni sana.

mpangani

Marahaba dada Nyamizi. Mfikishie mzee shikamoo yangu, mwambie kuna mtu wa Pangani huku anamkaribisha.

Mimi ni dereva wa basi maeneo haya ya katikati ya Uskochi, na siku nikiwa sina zamu natembea kando ya mifereji. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Ushauri wa kwanza: gari likishafika Falkirk, liache hapo. Edinburgh iko mashariki, Glasgow magharibi, na stesheni ya Falkirk High iko kwenye reli inayounganisha miji hiyo miwili. Kila upande ni kama nusu saa kwa treni. Miji yote miwili ina eneo la katikati lenye sheria ya moshi, Glasgow tangu Juni 2023 na Edinburgh tangu Juni 2024. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 linapigwa faini ya pauni 60, na ukirudia inapanda maradufu. Gari la kukodi huenda ni jipya na linaruhusiwa, lakini hata hivyo utaliegesha wapi? Mimi nazijua zile barabara kwa usukani mkubwa. Mwache mumeo apumzike, naye atazame dirishani.

Kulala: pale pale kwenye Gurudumu, yaani Falkirk Wheel, kuna sehemu ya maegesho iliyotengwa kwa magari ya kulala, kwa malipo. Weka nafasi mapema kwa mtandao kupitia Scottish Canals, shirika linalosimamia mifereji ya Uskochi, kwa sababu mwezi wa nane zinajaa. Na usidanganyike na wanaosema Uskochi unaruhusiwa kulala popote. Ile haki ya kutembea na kupiga kambi, ya sheria ya 2003, ni ya watu wa miguu, baiskeli na mahema. Gari halimo.

Sasa kuhusu mpangilio, hapa naomba unisikilize kwa makini. Mtalala chini ya Gurudumu, asubuhi mtaamka mkalione dirishani, na watoto watataka kukimbilia huko. Wazuieni kidogo. Anzeni na tatizo, kisha ndiyo muone jibu. Fundi kama mzee wako akionyeshwa mashine kabla ya kujua iliitwa kufanya nini, anapunjwa.

Tatizo ni hili. Kuna mifereji miwili. Wa chini ni Forth and Clyde, ulifunguliwa mwaka 1790, unakata Uskochi kutoka mto Forth mashariki hadi mto Clyde magharibi, kama kilomita 56. Wa juu ni Union, wa mwaka 1822, unatoka Edinburgh kama kilomita 50. Huu Union ulichimbwa na mhandisi Hugh Baird kwa kufuata kimo kimoja cha ardhi mwanzo hadi mwisho. Kilima unakizunguka, bonde unalivuka kwa daraja, na kote huko hakuna lango hata moja, yaani lock, chumba cha kupandisha na kushusha boti kwa maji. Hadi ufike Falkirk. Hapo ndipo unagundua mfereji wa pili uko chini yako kwa mita zaidi ya thelathini.

Wazee wale walijenga ngazi ya malango 11. Boti inaingia chumba cha kwanza, maji yanashushwa, inaingia cha pili, hivyo hivyo. Kushuka au kupanda kulikula karibu siku nzima. Reli ilipokuja, nani angesubiri? Ile ngazi ikafungwa mwaka 1933, ikafukiwa. Miaka ya sitini mifereji yenyewe ikafungwa, barabara zikajengwa juu yake.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza tokeni kwenye maegesho, fuateni njia ya kando ya Forth and Clyde kuelekea mashariki hadi Camelon, kwenye lango linaloitwa Lock 16. Ni tambarare tupu, goti la mzee halitalalamika. Pale ndipo ngazi ya zamani ilipokuwa inaanza kupanda. Mwambieni mzee ageukie kusini, aangalie ardhi inavyonyanyuka na nyumba zilizokaa juu yake, kisha awaelezee watoto boti ingepitaje hapo. Naamini ataeleza vizuri kuliko kibao chochote.

Halafu rudini, ndiyo muone Gurudumu. Lilifunguliwa Mei 2002. Kimo chake ni mita 35, na linainua boti mita 24. Kilichobaki cha kimo kinamalizwa na malango mawili huko juu. Lina mikono miwili, na kwenye mikono kuna mabeseni mawili makubwa yanayotazamana, kila moja linabeba maji lita 250,000. Boti inaelea ndani ya beseni, mlango unafungwa nyuma yake, mkono unazunguka nusu duara, boti iko juu.

Kuna mambo mawili ambayo mzee asiyakose.

La kwanza ni uzito. Boti ikiingia kwenye beseni, inasukuma nje maji yenye uzito sawasawa na wake. Kwa hiyo beseni lenye boti na beseni lenye maji matupu, kimo cha maji kikiwa sawa, uzito ni ule ule. Pande mbili zimelingana muda wote, na mota zinafanya kazi ya kushinda msuguano tu. Mzunguko mmoja unakula kama uniti moja na nusu ya umeme. Mzee ananunua LUKU nyumbani, atajua uniti moja na nusu ni nini. Inainua na kushusha tani mia tano kwa umeme wa kuchemsha birika chache za chai.

La pili ni gia. Watu wengi wanajiuliza mbona beseni halimwagi maji mkono ukigeuka. Wengine wanadhani linaning'inia tu kwa uzito wake. Hapana. Simameni upande wa nguzo za daraja la maji, lile linalobeba mfereji wa juu hadi kwenye Gurudumu, mtazame nyuma ya mkono ulio karibu na daraja. Katikati kuna gia kubwa ya kipenyo cha mita 8, na hiyo imefungwa, haizunguki kabisa. Kwenye kila beseni kuna gia ya ukubwa ule ule. Kati yao kuna gia ndogo za kupokezana. Mkono unapozunguka, gia ndogo zinatembea juu ya ile iliyofungwa na kuzigeuza zile za mabeseni kinyume, kwa kiasi kile kile. Matokeo yake beseni linabaki limelala sawa na ardhi hatua kwa hatua, upepo uvume usivume. Mimi nilisimama pale mizunguko kadhaa nikifuata jino moja kwa macho hadi nikaelewa. Inapendeza mno.

Pandeni na boti ya wageni pia, ni kama saa moja kwenda na kurudi. Kata tiketi kabla. Inapanda kwa Gurudumu, inapita juu ya daraja la maji, inaingia kwenye handaki lililochimbwa chini ya reli na chini ya ukuta wa Warumi. Ndiyo, Warumi. Ukuta wa Antonine, ulianza kujengwa mwaka 142, mpaka wao wa kaskazini kabisa. Ngome ya Rough Castle iko mwendo mfupi kutoka juu ya Gurudumu, na kuna mashimo ya mitego waliyochimba askari, bado yanaonekana kwenye nyasi. Watoto wataruka ndani na kutoka, ndiyo raha yake.

Siku ya pili nendeni kwenye handaki la zamani. Liko karibu na stesheni ya Falkirk High, kwenye mfereji wa Union. Urefu wake mita 630, limechimbwa kwa mikono na baruti kwenye mwamba. Sababu ya kuchimbwa inaniuma hadi leo: tajiri aliyekuwa na jumba la Callendar hakutaka kuona mfereji ukipita mbele ya macho yake. Basi watu wakatumwa kutoboa mlima. Njia ya miguu inapita ndani, tambarare, ina ukingo wa kushika na taa, lakini maji yanadondoka kutoka juu mfululizo, kwa hiyo vaeni makoti. Mwambieni mzee apitishe mkono ukutani. Patasi za mwaka 1820 bado anazisoma kwa vidole, mkato mmoja mmoja, na juu yake chokaa imetiririka na kuganda meupe kama nta ya mshumaa. Mkitokea upande wa pili, tembeeni kidogo hadi daraja namba 61. Upande mmoja limechongwa uso unaocheka, upande wa pili uso unaolia.

Jioni pelekeni gari bustani ya Helix, kwenye Kelpies, vichwa viwili vya farasi vya chuma vyenye kimo cha mita 30, kazi ya Andy Scott. Maegesho ni ya kulipia. Ni kumbukumbu ya farasi waliovuta boti kwenye mifereji hii kabla ya injini. Giza likiingia vinawashwa taa kwa ndani. Mwezi wa nane giza linachelewa, kuleni kwanza.

Glasgow nitaiandikia peke yake, kwa sababu kuna jambo la mzee huko.

kobe_wa_barabara

Mpangani kamaliza karibu yote. Mimi naongeza ya gari tu, kwa sababu tunalo la kwetu na tunaishi nalo likizo zote.

Angalia karatasi ya gari uzito wa juu kabisa. Kama leseni ya mumeo ameipata Uingereza baada ya 1997 na ni ya gari dogo tu, mwisho wake ni kilo 3,500, na hapo wanahesabiwa watu watano, maji, gesi, mizigo na masufuria. Wengi wanajaza tangi la maji nyumbani kabla ya safari ndefu. Maji lita mia ni kilo mia. Jazeni mkifika.

Hakikisheni pia viti vitano vyote vina mikanda. Magari mengine yana vitanda vya watu watano na viti vya wanne.

Choo cha kaseti kimwagwe palipoandikwa kuwa ni pa kumwaga, siyo kwenye vyoo vya wageni. Maji ya kuoshea vyombo hivyo hivyo, msimwage mtaroni. Wanaolala vizuri kwa adabu ndio wanaofanya wengine wetu tuendelee kukaribishwa.

Na dawa ya visubi! Falkirk si kama nyanda za juu, lakini jioni isiyo na upepo kando ya maji wapo. Mzee wa Mwanza amezoea wadudu wa ziwani, hawa ni wadogo zaidi na wanauma.

Kutoka Milton Keynes ni karibu kilomita 600. Kama mtakata safari, kateni Cheshire muone Anderton Boat Lift. Ni lifti ya boti ya mwaka 1875, kazi ya Edwin Clark, inaunganisha mto Weaver na mfereji ulio juu yake kwa kimo cha mita 15 hivi. Ilianza kwa nguvu ya maji, ikageuzwa kuwa ya umeme mwaka 1908, ikafungwa 1983, ikafufuliwa 2002, mwaka ule ule wa Gurudumu la Falkirk. Ni mashine kongwe, mara nyingi inakuwa kwenye matengenezo na boti hazipiti. Lakini hata ikiwa imesimama, mtu wa chuma ataiangalia nusu siku. Mzee akiiona hii kwanza, atafika Falkirk tayari ana kipimo cha kulinganishia.

mama_lulu_edi

Nyamizi mdogo wangu, karibuni Edinburgh. Mimi naomba siku moja iwe yangu, na siku hiyo msipande Kasri kwanza. Foleni ndefu, ngazi nyingi, na baba yako hakuja kwa ajili hiyo.

Mkishuka kwenye treni Haymarket, tembeeni pole pole hadi Fountainbridge. Pale ndipo Union unapoishia, katikati ya mji kabisa, boti zimefungwa na watu wanaishi ndani. Kuna daraja dogo la chuma, Leamington, ambalo sakafu yake yote inanyanyuliwa wima boti ipite. Hapo anzeni kutembea kuelekea magharibi. Njia ni tambarare, ila ni nyembamba na ina baiskeli nyingi, washikeni watoto.

Mtapita Harrison Park, mtafika Slateford. Hapo mfereji unavuka bonde la mto Water of Leith juu ya matao manane ya mawe. Maji yako upande wako mmoja, na ukichungulia ukingo wa pili, miti iko chini ya miguu yako. Njia pale ni ya mawe ya kokoto na finyu, mtu mmoja mmoja. Mimi nikifika pale hupunguza mwendo kila mara, siwezi kupita haraka. Maji yanapita ndani ya mtaro wa chuma uliowekwa katikati ya mawe, kwa hiyo kile alichokiona baba yako Wolverton atakiona tena, kimevikwa jiwe. Kutoka hapo kuna ngazi za kushukia njia ya Water of Leith, lakini ni nyingi. Kwa goti lile rudini na basi.

Mchana nendeni kwenye daraja la reli la Forth. Treni inashuka stesheni ya Dalmeny. Angalieni: kutoka stesheni hadi ufukweni kuna ngazi ndefu kweli kweli, baba asipite huko, chukueni teksi hadi South Queensferry. Au zuri zaidi, msishuke Dalmeny, vukeni daraja lenyewe na treni hadi North Queensferry, muone chuma kikipita dirishani, ndipo mrudi.

Lilifunguliwa tarehe 4 Machi 1890. Urefu wake kilomita mbili na nusu, chuma cha feleji (steel), tani 53,000 na ushei, ribiti milioni sita na nusu, zote zilipigwa moja moja. Wahandisi ni John Fowler na Benjamin Baker, mkandarasi William Arrol. Limejengwa nene hivyo kwa sababu ya msiba: Desemba 1879 daraja la mto Tay, kaskazini kidogo, liliangushwa na dhoruba treni ikiwa juu yake. Aliyelijenga alikuwa tayari amechora daraja la Forth. Michoro yake ikawekwa kando, wakaanza upya na umbo ambalo hata mtoto analiona kuwa halitikisiki. Na lilidai watu pia. Kuna kumbukumbu ya wafanyakazi waliokufa, majina 73. Sisi tukienda huwa tunasimama hapo na kuwaombea.

Kuna kitu cha kufanya na watoto. Baker alitaka watu waelewe daraja linasimamaje, akakalisha wanaume wawili kwenye viti, wamenyoosha mikono, kila mkono umeshika gongo lililoegemea kiti. Kwa nje kila upande kuna uzito wa matofali. Katikati, kwenye kibao kilichoning'inia kati yao, akakaa kijana mwanafunzi Mjapani, Kaichi Watanabe. Picha ipo hadi leo. Fanyeni hivyo hivyo pale kwenye maegesho: wewe na mumeo kwenye viti, mizigo nje, mtoto katikati. Mikono yenu itavutwa, magongo yatasukumwa. Mkishaisikia hiyo kwenye mabega yenu, daraja lote mmeshalielewa.

Pembeni yake kuna madaraja mawili ya barabara, la 1964 na la 2017. Karne tatu ziko kwenye picha moja.

Chakula msijali, pitieni kwangu, nitumie ujumbe wa faragha.

nyamizi_mk

Jamani, sijui niwashukuru vipi. Nimemsomea baba yote, ya Mpangani amenisomesha mara mbili. Dada Mama Lulu, tutapita kwako bila kukosa.

Leseni ya mume wangu ni ya kilo 3,500, tumeangalia gari, tuko ndani ila kwa uchache. Asante Kobe, maji tutajaza kule. Anderton tumeiweka njiani.

Baba ana maswali, ameyatamka na mimi naandika kama alivyosema. Moja: ule mfereji wa juu hauna mto, na kila boti ikishuka inaondoka na maji, sasa yanajazwa na nini? Mbili: mikono ya Gurudumu imechomelewa au imefungwa bolti? Anasema mkono unaobeba mzigo huku unageuka, akiambiwa umechomelewa hatakuwa na amani. Tatu, hilo jambo lake la Glasgow ni lipi, maana tangu juzi anauliza.

mpangani

Mzee wangu, maswali yako yamenifurahisha sana.

Maji ya Union yanatoka bwawa la Cobbinshaw, huko juu kusini-magharibi ya Edinburgh. Walilijenga kwa ajili ya mfereji. Yanashuka, yanaingia mto Almond, halafu kuna mtaro unaoyachota mtoni na kuyaleta kwenye mfereji. Mfereji wa chini nao una mabwawa yake kwenye vilima vya Kilsyth. Na hapo ndipo Gurudumu linapoipiku ile ngazi ya zamani: malango 11 yalikuwa yanateremsha maji mengi kila boti ikipita. Gurudumu linashusha beseni moja na kupandisha lingine lenye uzito ule ule, maji ya juu karibu hayapungui.

Mikono imefungwa bolti. Umesema sawasawa kwa nini. Upande ambao sasa hivi unavutwa, nusu mzunguko baadaye unasukumwa, na mchomeleo ukigeuziwa mzigo namna hiyo miaka na miaka unachoka na kupasuka. Kwa hiyo waliunga kwa maelfu ya bolti, na matundu yake yalitobolewa kwa vipimo vya makini. Lilijengwa lote kiwandani Ripley, Derbyshire, huko England. Wakaliunganisha kwanza pale pale kiwandani kuhakikisha kila kipande kinakaa. Kisha mwaka 2001 wakalifungua, wakalipakia kwenye malori 35, wakalileta Falkirk, wakaliunga upya.

Na hapo mzee naamini umeshajua nataka kusema nini. MV Victoria ilijengwa na Yarrow, pale Scotstoun, Glasgow, kando ya mto Clyde. Ikapelekwa vipande vipande baharini hadi Mombasa, ikapanda reli hadi Kisumu, ikaunganishwa pale, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Ni njia ile ile. Na kabla yake Clyde na Paisley zilikuwa zimeshaleta nyingi: Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga, hizo zote ni za kiwanda cha Bow, McLachlan, Paisley.

Kwa hiyo siku ya Glasgow, dada Nyamizi, fanyeni hivi. Treni hadi Queen Street. Kutoka hapo treni ya chini ya ardhi hadi Partick, kisha tembeeni kidogo hadi Riverside Museum. Kuingia ni bure, sakafu sawa, lifti ipo. Ndani kuna injini kubwa ya treni ya mvuke iliyorudishwa kutoka Afrika Kusini, imetengenezwa Glasgow na North British Locomotive. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichotengeneza zile injini za kundi (class) la 29 na la 30 za reli ya Afrika Mashariki. Kama mzee amewahi kusafiri kwa mvuke kutoka Mwanza kwenda Tabora, huenda mojawapo ilimvuta. Ziko nyingine makumbusho ya reli Nairobi. Ghorofani kuna sampuli ndogo za meli zilizojengwa mto huu, zinapita mbele yako kwenye mkanda.

Mkitoka, nje ya mlango wa makumbusho kuna daraja jipya la miguu la kwenda Govan, lilifunguliwa Septemba 2024. Linazunguka kwenye mhimili wake kupisha meli. Mzee asimame katikati, atazame mto unakoelekea baharini. Scotstoun iko upande huo, mkono wa kulia wa mto, na bado wanajenga meli hadi leo, za kivita. Upande wa pili, mto unakotoka mjini, kuna winchi kubwa ya Finnieston ya miaka ya thelathini, ilikuwa na uwezo wa tani 175, iliyokuwa ikipakia injini za reli melini. Mnaweza kuifikia kwa miguu au kwa basi.

Kwa hali ya hewa: siku ya Forth chagueni yenye upepo mdogo, Glasgow mvua ikinyesha si hasara kwa sababu mko ndani. Gurudumu likiwa na upepo mkali boti ya wageni inaweza kusitishwa, kwa hiyo tiketi yake kateni ya siku ya kwanza, mkiwa na siku mbili za akiba nyuma yake.

Na mkishajua tarehe, niandikie. Nikiwa sina zamu nitawakuta Lock 16 asubuhi hiyo. Nina mengi ya kumuuliza mzee kuhusu injini za Victoria, hasa kabla ya ukarabati.